Rangi ya Binti Yangu Kabla ya Harusi

Kazi yangu ilikuwa kupaka hina na piko jeusi mikono ya mabibi harusi. Nimeifanya hapa Makorora zaidi ya miaka arobaini, mpaka macho yalipoikataa mistari myembamba. Shule nilisoma kidogo, huko Moa nilikozaliwa. Baba alinitoa alipoona naweza kusoma barua na kuandika ya kujibu, akasema imetosha. Lakini mikono yote niliyoipaka ninaikumbuka, na jina la kila mwenye mkono, na la mama yake, na ua gani alilotaka na lipi nilimkatalia. Mtu akinitajia mtaa, namtajia mabibi harusi wake mmoja mmoja. Humu sitamtaja yeyote. Wengine wako hai na wana wakwe, na waliokufa siwezi kuwaomba ruhusa.

Ninaye mjukuu wa kike anayechora watu. Anaishi Dar es Salaam, na hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Hachori miti wala wanyama, anachora wanawake tu, weusi, wakubwa kuliko walivyo, wamekaa au wamesimama, nao wanakutazama mpaka unajiuliza umewakosea nini. Mwaka jana, baada ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, alikuja kukaa kwangu. Akasema anataka kunichora mimi. Akaja na vitambaa vyake vilivyowambwa kwenye fremu, makopo, brashi za kila namna, na ubao wa miguu mitatu aliousimamisha uani karibu na kamba ya kuanikia nguo.

Picha mbili alizokuja nazo aliziegemeza ukutani. Jirani yangu wa mlango wa pili, anayepika maandazi, akaja kuazima kinu akaziona. Akasimama, mkono kiunoni.

"Mjukuu wako ana roho mbaya," akaniambia. "Wenzake kawapaka masizi."

Mjukuu akacheka. "Shangazi, hayo si masizi. Humo mna bluu, mna nyekundu, mna zambarau. Nyeusi ya kopo sijatia hata tone."

"Basi ungenichora mimi hivyo ningekudai unirudishie uso wangu."

Tukacheka sote. Mimi nilicheka zaidi yao, na sasa najua kwa nini.

Siku ya kwanza ya kukaa nichorwe nilivaa doti yangu mpya ya kanga nikajipaka poda. Aliponiona akaniletea kitambaa cha maji. Nikamuuliza kama nifute na uzee pia. Akasema, "Uzee niachie, mke mwenzangu, huo ndio ninaoutaka." Ananiita mke mwenzie tangu mdogo, kwa utani wa babu yake. Nikafuta poda, nikakaa kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani, na nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Mimi nimepaka wanawake maisha yangu yote, lakini nilikuwa naangalia mikono na miguu yao tu. Bi harusi akilia wakati napaka, nilijua kwa jinsi vidole vilivyokuwa vikitetemeka. Uso wake sikuunyanyulia macho.

Tulikaa hivyo siku nne au tano. Akichora alikuwa hasemi, akipumzika alikuwa anasema sana. Alinieleza kwamba kila picha anaianzia kwenye kioo. Anajitazama kwanza, anachukua kitu chake kimoja, pengine mdomo, pengine namna ya kubeba shingo, ndipo anampa yule anayemchora. Akasema wanawake wote aliowachora wana kitu kimoja kinachofanana, naye hajui kimetoka kwa nani. Watu huko Dar wanamsifu kwa kitu hicho hicho. Yeye kinamsumbua. Anadhani ni uso wa mama yake, ambao haukumbuki.

Mama yake ni binti yangu. Alifariki mtoto huyu akiwa na miaka minne.

Basi akaniomba picha ya mama yake. Nikamtolea ile ya harusi, iliyopigwa studio, yenye pazia la maua nyuma. Nyingine mbili nilizonazo zimepigwa baada yake na uso ni ule ule. Akaichukua akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akakaa nayo muda. Kwenye picha ile binti yangu ni mweupe. Si maji ya kunde, mweupe kabisa, uso umekuwa kama sahani, macho na pua vimepotea humo. Mikono ameikunja kifuani kuonyesha piko langu.

Mjukuu hakuuliza uso. Aliuliza mikono.

"Bibi, mbona maua yamejaa hapa kwenye viungo vya vidole?"

Nikamwambia ulikuwa mtindo wa siku zile. Jioni nikamkuta amelifungua bati langu la biskuti ninamowekea picha nilizopewa na mabibi harusi kama shukrani. Alikuwa amezipanga kwenye mkeka, ishirini na kitu, za miaka ile ile. Kila moja vidole viko wazi na ua linaanzia chini ya viungo, linateremka kwenye mgongo wa mkono. Ndivyo nilivyokuwa napaka, na mji mzima ulijua mkono wangu. Wa binti yangu peke yake nilikuwa nimeufunika kwenye viungo, nene, ua juu ya ua.

Hakuniuliza tena. Alizikusanya, akazirudisha kwenye bati, akaenda kupika ugali.

Nilikaa na jambo lile kesho yake yote. Nilikuwa nimekaa nalo karibu miaka thelathini bila mtu kuligusa, na huyu aliliona kwa kutazama tu, kwa sababu kazi yake ni kutazama. Keshokutwa yake, aliponiita nikae kwenye kiti, nikamwambia aweke brashi chini. Nikamsimulia. Naandika hapa kama nilivyomsimulia.

Binti yangu alizaliwa mweusi. Watoto wangu wengine walichukua rangi ya baba yao, yeye alichukua ya mama yangu. Wakati wa kuposwa, watu wa mume walikuja kutoka Chumbageni, yeye mwenyewe hakuwamo, nyumba ya heshima na watu wake weupe. Binti yangu akapita na sinia la vitafunwa. Mama wa mume akamtazama akasema, kwa mzaha, kwamba binti yetu mzuri, ila kakaa sana jikoni. Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, mwanangu amesimama na sinia mkononi ananitazama.

Harusi ikakaribia. Akatiwa ndani siku saba kama ilivyo kwetu, asionekane, asuguliwe, anukie. Somo wake, aliyemfunda, alikuwa bibi mmoja hodari wa singo ya kusugulia mwili, anasaga mwenyewe liwa, ule mti wa manukato, anatia marashi na karafuu. Mimi nilikuwa nimenunua makopo mawili ya krimu kwa mama mmoja aliyekuwa akileta vitu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nikamwambia somo tuichanganye na liwa. Akakataa. Akasema yeye kazi yake ni kung'arisha ngozi, si kuibadilisha. Basi nikawa namngoja amalize kusaga, akienda kuswali, naichanganya mwenyewe. Binti yangu alisikia harufu tofauti akauliza. Nikamwambia ni liwa ya Unguja.

Baada ya siku saba alitoka mweupe, isipokuwa viungo vya vidole. Pale krimu huwa haishiki. Watu hawakujua hilo wakati ule, leo kila mtu anajua na akiona vidole vya namna ile anacheka pembeni. Mimi niliona usiku wa hina. Nikaufunika weusi ule kwa kazi yangu, maua ambayo sijawahi kumpaka mtu mwingine, na wanawake wakasema safari hii nimejipita. Mama wa mume nikamwambia weusi aliouona ulikuwa wa jua, singo imeutoa, rangi ya kuzaliwa ndiyo hii.

Miezi miwili baada ya harusi akaja kwangu analia. Ngozi ilikuwa inarudi, tena imerudi na mabaka. Hapo nikamwambia ukweli wa nilichomtilia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa nitafanyaje, Mama?" Nikampa kopo. Na kila mwezi nikawa nampelekea jingine, limefungwa kwenye kanga kama zawadi. Ilikuwa hivyo kwa miaka saba.

Nilipofika hapo mjukuu aliniambia ningoje. Akaenda akanywa maji. Akarudi akakaa sakafuni, karibu na miguu yangu, akasema niendelee.

Mimba yake ya pili ilimshinda. Alipasuliwa. Mtoto aliishi siku mbili. Kidonda cha mama hakikufunga, kila nyuzi zikishonwa zinaachia, ngozi imekuwa kama karatasi iliyolowa. Siku ya sita nesi mmoja, msichana mpole, alikuja kitandani akauliza kwa sauti ya chini: huyu dada anatumia nini kwenye ngozi? Mama mkwe wake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Mume wake amesimama miguuni. Binti yangu alikuwa macho. Akafungua mdomo.

Nikajibu mimi. Nikasema, "Hatumii kitu. Ndivyo alivyozaliwa."

Akafunga mdomo. Akanitazama, kisha akatazama dirishani. Siku ya kumi akafariki.

Sijui kama jibu la kweli lingemponya. Daktari hakuwahi kusema. Pengine wangempa dawa nyingine, pengine yote yalikuwa yameshachelewa. Nimeswali nikaomba nijulishwe, sijajulishwa. Ninachojua ni kwamba aliulizwa yeye na nikajibu mimi, kwa sababu ya mwanamke aliyekaa pembeni ambaye sasa naye amekufa.

Mjukuu wangu hakulia mbele yangu. Nilingoja aniambie neno lolote, hata la kunitukana, ningelipokea. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Niambie rangi yake. Ya kabla."

Akachukua kibao chake cha kuchanganyia, akaminya rangi. Kahawia, bluu, nyekundu kidogo. Akachanganya, akanionyesha. Nikasema bado. Akaongeza. Nikasema bado. Alikuwa ananitazama kila mara kabla ya kuongeza, kama anayeogopa kwamba hata sasa nitamdanganya, nimsimamishe kabla rangi haijafika. Nikamwambia aongeze tu, asinionee haya. Tulikwenda hivyo mpaka ikawa rangi ya piko likiwa bado bichi mkononi, lile linalong'aa kabla halijakauka. Nikamwambia chini yake palikuwa na wekundu, anapotoka kuoga. Akatia wekundu kwa ncha ya brashi, akaupitisha.

Ilikuwa pale kwenye kibao, kidogo tu, upana wa jani la mkwaju. Sikuwa nimeiona ngozi ile tangu alipotiwa ndani. Nilinyoosha kidole nikaigusa, ikanishika. Hapo nikalia, na mjukuu akaniacha nilie, akaendelea kukoroga isikauke.

Uso nilishindwa kumpa. Nilijaribu. Nilimwambia paji la uso lilikuwa pana, nyusi zimekutana. Aliniuliza pua, nikasema nzuri. Akaniuliza nzuri vipi, nikarudi kwenye paji la uso. Nilimzaa, nikamnyonyesha, nikambeba mgongoni, na jina lake nalitaja kila baada ya swala, lakini nikifumba macho nauona uso wa studio. Ule niliouumba mwenyewe ndio uliobaki, umeufukuza wa kwanza. Ningeweza kumchorea mikono yake, kila mstari wa kiganja. Basi mjukuu akaniambia nisijisumbue. Akatundika kioo kidogo kwenye kamba ya nguo, akawa anatazama humo anachora, anatazama anachora, na mimi nikaingia ndani kumpisha. Picha yangu mimi, aliyoijia, ilibaki na kichwa bila shingo. Hakuirudia.

Alimaliza baada ya siku tatu. Sikuitazama sana. Ni mwanamke mweusi mwenye sinia, anatazama mbele. Kama ni yeye siwezi kuapa.

Wakati wa kufunga mizigo akaniambia kwamba kuna maonyesho Dar na wanamngojea, lakini picha ile hataitoa mpaka baba yake aujue ukweli. Hawezi kuitundika ukutani watu wakamuuliza yule ni nani, aseme ni mama yake, halafu baba yake asikie mengine kwa watu.

"Baba lazima ajue," akasema. "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Nikasema nitamwambia mimi. Akaubusu mkono wangu kama alivyofunzwa, akaondoka. Hakuniita mke mwenzie.

Mkwe wangu yuko Chumbageni mpaka leo. Alioa tena, ana watoto wakubwa. Tangu binti yangu afe hajawahi kunitupa. Kila Idi anakuja na nyama na sukari, anakaa kwenye kiti kile kile, macho chini, kwa sababu mkwe hamkazii macho mama wa mkewe, hata mke akiwa kaburini. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyepaswa kwenda kumwambia. Nikasema nitakwenda baada ya mvua. Mvua zikaisha, nikasema naumwa mguu. Mjukuu alikuwa anapiga simu Ijumaa, ananisalimu, ananiuliza mguu. La picha halitaji. Jirani yangu akaniuliza mbona siku hizi nazungumza na ukuta. Nikajua sitakufa nalo hili salama, na yule mtoto atabaki na mama yake amemgeuzia ukutani chumbani kwake kwa ajili ya woga wangu.

Nikakodi bajaji asubuhi moja, nikaenda.

Alishangaa kuniona. Mimi siendi kwake, yeye ndiye anayekuja. "Shikamoo mama," akasema, akatafuta kofia yake avae. Mkewe akanitandikia, akaleta chai, kisha kwa akili zake akajitoa. Sikunywa. Nikamweleza yote kwa mfululizo, liwa, makopo, kanga, nikiogopa nikisimama sitaendelea. Nilipofika kwenye neno nililomjibu nesi, nikasema neno lenyewe kama lilivyokuwa.

Alikuwa anatazama mkeka. Akasema, "Mama, mimi nilijua."

Nikadhani hakunisikia vizuri.

"Kopo lilikuwa linakaa chumbani kwangu," akasema. "Nilikuwa naliona kila siku. Yule nesi alipouliza, nilikuwa na jibu mdomoni."

Nikamuuliza kwa nini hakulisema. Aliinua macho akanitazama, mara ya kwanza tangu nimpe binti yangu.

"Wewe ulikuwa umeshasema. Ningesemaje juu ya neno lako, mama, mbele ya mama yangu mzazi?"

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayeeleza adabu aliyolelewa nayo, ile ile niliyokuwa namsifia kwa watu, nikisema nimepata mkwe. Nikaona wodi ile yote upya. Binti yangu aliyefungua mdomo akaufunga. Huyu aliyesimama miguuni na jibu lake. Wote wawili walikuwa wanalijua la kusema, na wote wawili waliniheshimu.

Watoto wa shule walipita nje wakipigiana kelele. Akaniambia nimwambie mjukuu aionyeshe picha, yeye hana kizuizi. Nikamuuliza kama atakwenda kuitazama. Akatikisa kichwa.

"Rangi yake hiyo sikuwahi kuiona," akasema. "Nitakuwa namtazama mwanamke nisiyemjua."

Kisha akainuka, akaenda kusimama barabarani kunitafutia bajaji ya kurudi.